Gumegume ya Baba

Baba yangu alichelewa kusalimisha bunduki kwa sababu alitaka kwanza iwe safi. Nimewaeleza hivyo polisi, wakili na shangazi zangu wa Kinna, na wote walinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Walionielewa ni wanawake wenzangu wa sokoni tu. Sisi huuza maziwa ya ngamia. Asubuhi madumu hutujia kutoka malishoni, jioni yanarudi kwa wenyewe, na hakuna kati yetu anayeweza kurudisha dumu la mtu likinuka maziwa ya jana. Unalisugua, unalisuuza, kisha unalifukiza kwa moshi wa kuni nzuri mpaka ndani kunukie. Mama alinifundisha kazi hiyo kwa gorfa, kile chombo cha kusuka cha kutilia maziwa, kabla plastiki haijaja kutuharibia ladha. Kitu kikitoka nyumbani kwetu kwenda kwa watu, sharti kitoke kizima na kisafi. Baba hakuuza maziwa hata siku moja, lakini aliishi na mama miaka yote hiyo, na sheria ya nyumba ilimwingia.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya gumegume. Vijana wa mtaani kwetu wanaijua bunduki ya kisasa hata kwa mlio, ila hii ya baba hawakujua hata waiite nini. Ilikuwa ndefu kunizidi, na kitako chake kilikuwa kimetiwa viraka vya shaba. Babu aliipata kwa wafanyabiashara walioshuka na misafara kutoka upande wa Uhabeshi, akampa baba. Haikuwahi kumuua mtu, na sisemi hivyo kwa kumtetea. Ilitiwa baruti tupu bila risasi, ikapigwa kuelekea gizani fisi wakizunguka zizi. Ilikuwa bunduki ya kelele. Baruti ya mwisho iliisha nikiwa msichana mdogo, na hakuna aliyejua pa kupata nyingine.

Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba, wote, mpaka yule ndama aliyekuwa akilala naye ndani ya kibanda, alikuja kuishi nami mjini, mtaa wa Kiwanjani. Alikuja na birika, kigoda, na bunduki imefungwa ndani ya blanketi. Akaitundika ukutani juu ya kitanda chake. Springi yake ilikuwa imelegea, jiwe lake la moto lilikuwa limepotea zamani. Mimi nilikuwa naitundikia mtandio wangu nikitoka kuoga.

Halafu chifu akaita baraza. Kila mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kabla ya mwezi kwisha, na hataulizwa swali. Mwezi ukiisha, kutakuwa na msako, na atakayekutwa nayo atajua mwenyewe. Niliyasikia hayo nikiwa nimesimama nyuma na madumu yangu, na nilifika nyumbani nikihema.

"Abba, hiyo kitu itoke," nikamwambia. "Ipeleke kesho. Ama niitumbukize chooni leo hii."

"Baba yangu alifukuza fisi nayo," akasema, "wewe unataka kuifukia kwa mavi?"

"Basi ipeleke kesho kama ilivyo."

"Kama ilivyo? Serikali wavute, isiwake, waseme mzee fulani ametuletea chuma?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mtu mzima asiye na kazi. Kesho yake nilimkuta ameketi mlangoni, bunduki imelala mapajani, vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia, na chupa yangu ya mafuta ya kupikia iko kando yake, imebaki nusu.

Kwa hivyo nilijifunza jinsi ile kitu inavyofanya kazi, kwa lazima, nikipita na ndoo huku nikinung'unika. Baba alikuwa akieleza bila kuulizwa. Pembeni mwa mtutu kuna kisahani kidogo cha chuma, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Humo unatia baruti kiasi cha chumvi ya kuonjea mchuzi. Kisahani kina kifuniko, na kifuniko hicho kimesimamisha bamba la chuma kigumu mbele ya nyundo. Nyundo ina taya mbili, na taya zimebana jiwe, jiwe limevikwa kipande cha ngozi lisiteleze. Unairudisha nyundo nyuma mpaka ilie mara mbili: mlio wa kwanza ni wa usalama, wa pili ni wa kazi. Ukivuta kifyatulio, springi inaitupa nyundo mbele, jiwe linalikwaruza bamba na kulisukuma, kifuniko kinafunguka kwa nguvu hiyohiyo, na cheche zinaangukia baruti ya kisahani. Hiyo inalipuka puu usoni mwako. Moto wake unapenya kwa kitundu chembamba kama cha sindano ubavuni mwa mtutu, na huko ndani ndiko baruti kubwa inakosubiri.

"Kitundu kikiziba," akasema baba, "inawaka nje tu, na ndani kimya. Fisi anakucheka."

Alikizibua kitundu kwa sindano yangu ya kushonea magunia. Springi aliipasha moto kwenye jiko langu hadi ikawa nyekundu, akaizamisha ndani ya mafuta yangu, akaipasha tena kidogo. Nyumba nzima ilinuka kama mandazi yaliyoungua. Ngozi aliikata kutoka kwa kiatu chake mwenyewe. Hayo yote yalikwisha mapema, siku bado zikiwa nyingi. Jiwe ndilo lililotumaliza.

Kila asubuhi alishuka kwenye laga, ule mto wetu usio na maji, akainama huku mkono uko mgongoni akiokota mawe. Alirudi mifuko ya koti imejaa. Mengine yalivunjika kama biskuti. Mengine yalikuwa magumu ya kutosha lakini hayakuwa na makali, yaligonga bamba na kuteleza. Mimi nilikuwa nahesabu siku za chifu, yeye alikuwa anahesabu mawe. Tuligombana. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba, kwamba ng'ombe waliondoka na akili yake. Hakukasirika. Akasema, "Intala," yaani binti yangu, "ndio maana. Wameondoka wote. Nimebaki na hii moja ya kutoa vizuri."

Kama ningekuwa mwanamume ningeibeba usiku nikaitupe mbali, lakini nilikuwa binti wa mama yangu, na moyoni nilikuwa namwelewa kabisa, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi.

Mwezi wa chifu uliisha Ijumaa. Jumamosi baba akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu enzi za zizi. Alikuwa amepata jiwe la rangi ya asali, amelipasua likatoa makali. Alifunika kisahani, akairudisha nyundo, ikalia mara mbili. Akavuta. Cheche zikamwagika, nyingi, nyeupe, zikaanguka ndani ya kile kisahani kitupu zikafa. Akavuta tena ili nione vizuri. Baba yangu alikuwa na furaha. Sina neno jingine. Tangu ng'ombe wafe sikuwa nimemwona hivyo, na nilisimama pale na mikono yenye sabuni nikafurahi naye, huku nikijua tarehe.

"Siku zimepita, Abba."

"Serikali imenichelewesha maisha yangu yote," akasema. "Siku zangu mbili tatu zitamuumiza nani?"

Jumatatu alivaa nguo zake za Ijumaa, akaizungushia bunduki shuka jipya, akaenda kituoni kwa miguu. Mimi nilikuwa sokoni. Yaliyotokea huko nimesimuliwa naye, na pia na askari mmoja ambaye baadaye alikuja kunywa maziwa kwangu, na hadithi zao hazikutofautiana. Alisalimia, salaam aleikum, akaiweka juu ya kaunta. Walicheka vizuri tu, bila ubaya. "Mzee, hii umetoa makumbusho?" Wakamkaribisha kiti. Mmoja akauliza, kwa kuongea tu, kama inafanya kazi. Baba akaona ameulizwa swali la heshima. Akaichukua, akairudisha nyundo, akavuta. Cheche. Askari wawili wakalala chini ya kaunta. Mkubwa wao akatoka ofisini akauliza ni nini, akaambiwa, akauliza mzee amekuja lini, akaambiwa leo. Hapo kicheko kikaisha. Walimwandikia mashtaka ya kupatikana na silaha, ingawa hakupatikana, alijileta.

Walimweka rumande. Dhamana ilikataliwa kwa sababu mambo ya bunduki kaskazini hayana mchezo, na hilo sikatai, nimezika watu wangu upande wa Korbesa. Tulipata wakili wa msaada wa bure, msichana wa Kimeru mwenye sauti ndogo, mwerevu, ambaye aliichukulia kesi ya baba kama ya baba yake. Aliniketisha nje ya mahakama akanieleza mpaka nikaelewa.

"Mama, kesi yote iko kwa kitu kimoja. Hiyo ni bunduki ama ni chuma? Ikiwaka, ni bunduki, na sheria haimwachi. Isipowaka, ni urembo wa ukutani. Mzee anarudi nyumbani siku hiyohiyo."

"Inawaka," nikasema.

"Mimi sijakusikia," akasema. "Na mzee akiulizwa, asijibu. Hiyo ni haki yake. Anyamaze tu."

Nilimpelekea baba ujumbe huo nyuma ya wavu wa rumande. Alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo.

Kisha tukaanza kungoja. Mtaalamu wa silaha aliyetakiwa kuja kutoka Nairobi hakuja. Tarehe iliyofuata, hakimu akawa likizoni. Akarudi hakimu, faili likawa liko kwingine. Kila mara baba aliletwa kwa gari la magereza, akateremshwa, akasimamishwa kizimbani, akaambiwa tarehe nyingine, akapandishwa. Kila nilipomwona alikuwa amepungua. Alianza kukohoa. Kola ya shati ikawa kubwa shingoni. Mara ya kwanza aliteremka mwenyewe, baadaye askari alimshika kwapa, na mwishowe walikuwa wawili, mmoja kila upande.

Kwenye yale mabenchi niliisoma simu yangu mpaka macho yakaniuma, nikitafuta chochote cha kumsaidia wakili. Sikupata cha kusaidia. Nilichopata ni historia ya bunduki. Kabla ya gumegume kulikuwa na bunduki za utambi: mwenye bunduki alitembea na kamba inayofuka moto, na kifyatulio kiliishusha hiyo kamba kwenye baruti. Mvua ikinyesha, bunduki imekufa. Adui akiwa na pua, ameshakunusa. Nyingine ilikuwa na gurudumu la chuma la kujazwa kwa ufunguo, linazunguka likikwaruza jiwe, sawasawa na kiberiti cha gesi ninachowashia jiko. Ghali hiyo, ya wakubwa. Na baada ya gumegume zikaja fataki, vikofia vidogo vya shaba vyenye dawa ndani, nyundo inakigonga kimoja na moto unaingia moja kwa moja, hata kwenye mvua. Watu walisumbua vichwa vizazi na vizazi kwa swali moja: moto utafikaje kwenye baruti saa ile hasa ninayotaka mimi? Mimi pale kwenye benchi nilikuwa na swali langu, moto utakosaje kufika, na hilo hakuna fundi aliyejishughulisha nalo.

Siku mtaalamu alipokuja, mahakama ilijaa. Wanawake wa soko walikuwa wameyaacha maziwa yao wakaja. Mtaalamu alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani. Akaifunua bunduki ya baba juu ya meza, na mimi nikashtuka. Stoo ya vielelezo ilikuwa imeila. Mtutu ulikuwa na kutu, viraka vya shaba vimekuwa vyeusi, na buibui alikuwa ameishi kwenye kifyatulio. Akasema aliijaribu ofisini kwake zamani, kabla haijarudishwa stoo, kwa baruti ya kwao wenyewe, ikalipuka. Ndiyo, hata baruti ilikuwa ya serikali. Wakili wetu akasimama, akaomba aionyeshe mahakama, bila baruti, cheche tu.

Mtaalamu akafunika kisahani, akairudisha nyundo. Ikalia mara mbili. Akavuta.

Tak. Basi.

Akakohoa, akarudia. Tak. Jiwe lilitikisika ndani ya taya kama jino bovu. Mara ya tatu halikugusa hata bamba. Mtaalamu akavua miwani, akaipangusa. Wakili akasema, na ile sauti yake ndogo ikafika mpaka mlangoni, "Mheshimiwa, ya ofisini hakuna aliyeyaona; haya mahakama imejionea yenyewe. Hiki ni chuma." Hakimu akachukua kalamu.

Niseme kweli, nilikuwa nimeshafika nyumbani. Nilikuwa nimeshafua lile blanketi lake, nimeweka maji ya kuoga motoni, ninafikiria nyama laini ambayo meno yake yataiweza. Mwanamke wa pembeni yangu alikuwa amenishika mkono hadi unauma.

Kisha nikamtazama baba.

Alikuwa ameona aibu. Si hofu, aibu tupu. Ninaijua sura hiyo kwa mama: siku moja mtu alifungua gorfa yake mbele ya wageni, akanusa, akaiweka kando. Sura ilikuwa ileile. Mbele ya hakimu, mbele ya mtaalamu wa Nairobi, mbele ya wanawake wa Kiwanjani, kitu cha nyumba yake kilikuwa kimetolewa kikiwa kibovu. Nikamtikisia kichwa. Aliniona. Najua aliniona, kwa sababu aliyaondoa macho yake kwangu polepole, kama mtu anayeomba radhi. Akainua mkono.

"Mheshimiwa. Hii bunduki si mbovu. Mimi nimeleta mzima. Ni ngozi imekauka, jiwe inacheza."

"Mzee, keti," wakili akasema. "Mheshimiwa, mteja wangu anachagua kunyamaza."

"Sinyamazi," baba akasema. "Leta hapa."

Hakimu alimweleza, kwa subira kubwa, kwamba halazimiki kufanya lolote, kwamba lolote atakalofanya linaweza kutumika dhidi yake. Akamuuliza kama ameelewa. Baba akasema ameelewa. Akamuuliza kama bado anataka. Baba akasema, "Nataka, mheshimiwa. Hawa watu watafikiri nimewaletea taka."

Wakampa. Askari wawili wakasogea karibu, lakini hakuwaona. Skrubu ilishalegea; aliifungua kwa ukucha, akalitoa jiwe, akalitazama, akaligeuza upande wenye makali. Kile kipande cha ngozi ya kiatu chake akakitia mdomoni, akakitafuna mpaka kikalainika. Akalivika jiwe, akalirudisha, akaomba sarafu ya kukazia skrubu. Mtaalamu mwenyewe ndiye aliyempa. Alilisugua bamba kwa mkono wa shati. Wakili wetu alikuwa amekaa na uso ameuficha viganjani.

Mlio mara mbili. Akavuta.

Ziliwaka. Hata mchana ule, na dirisha wazi, kila mtu aliziona. Mtu nyuma akasema "Ala!" na wengine wakacheka kwa mshangao, na baba akageuka kuwatazama. Alitabasamu, akaiweka bunduki mezani taratibu, kitako kuelekea kwa mtaalamu, kama inavyopaswa.

Walipompandisha kwenye gari la magereza nilikimbia mpaka kwenye wavu wa dirisha. Alikuwa ameshakaa, anakohoa, macho yanang'aa.

"Intala, umeona ilivyowaka?"

"Nimeona, Abba."

Alikuwa bado ananingoja. Nikamwambia ilikuwa safi.

Hukumu ilisomwa baadaye. Hakimu alisema sheria haimpi nafasi, na naamini ilimuuma. Alimpa kile kiwango cha chini kabisa, na kiwango hicho ni miaka ambayo mtu wa umri wa baba hana. Bunduki iliamriwa kuharibiwa. Wakili alilia kuliko mimi, akazungumzia rufaa, na sote wawili tulijua huenda isimkute. Sasa naenda kumwona siku za kuonana. Kikohozi kimeshuka kifuani na hakipandi tena. Haulizi atatoka lini. Mara mbili ameniuliza kama waliipaka mafuta kabla ya kuiharibu, na mara zote mbili nimemwambia waliipaka.

Siku ile ya hukumu nilirudi sokoni na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Madumu ya watu yalikuwa yananingoja, yameanza kuchacha kwa joto, na gari la malishoni lilikuwa karibu kuondoka. Nikachukua moja, nikalifunga kifuniko hivyohivyo, na uchafu wake ndani, nikalibeba kwenda garini. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu kitu kitoke mikononi mwangu kikiwa kichafu, nione kama dunia itaanguka. Nilifika mpaka kwenye mlango wa gari. Dereva akanyoosha mkono alipokee. Nikamwambia angoje kidogo, nikarudi kukoka moto wa kufukizia.